Masanduku ya Mboga kwa Mbao Kuukuu

(Maneno haya yalisemwa na mhamasishaji jamii mbele ya wakazi waliokusanyika katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.)



Nitasema juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho au amewahi kukiona nyuma ya nyumba, nacho ni ubao kuukuu. Ubao wa kitanda kilichovunjika, ubao wa mlango uliooza upande wa chini, vipande vya paleti, yaani yale majukwaa ya mbao yanayowekwa chini ya magunia ghalani. Kwa kawaida ubao wa namna hiyo unakwenda jikoni tu. Leo nataka tuangalie njia ya pili, ya kuutumia kutengeneza sanduku la kupandia mboga. Tutaangalia pia jambo lililo zito kuliko ufundi wenyewe, kwamba si kila ubao unafaa. Upo ubao unaoweza kutia sumu katika mboga za mtoto wako, na upo ubao ambao hata jikoni haufai kuingia.

KWA NINI TUSUMBUKE

Ndugu zangu, hali tunaijua wote. Kambi hii imekuwapo tangu mwaka 1996, wazazi wetu walipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu Kusini. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi nao wakaja, na nafasi ikawa ndogo zaidi. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu ya kile ambacho mtu anahitaji. Mgao hupanda na kushuka kwa kadiri ya fedha zinazotolewa na wafadhili, na sisi hatuna mkono katika jambo hilo. Hata mgao ukiwa kamili, ni unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Mboga za majani hazimo.

Mtoto anayekula ugali na maharage kila siku anaweza kushiba na bado akakosa vitu ambavyo mwili unavihitaji. Mboga za kijani, kama lengalenga, ambazo wenyeji wetu huziita mchicha, zina vitamini A inayolinda macho, na zina madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu. Zikipikwa na mafuta kidogo, mwili huipokea vizuri zaidi ile vitamini A. Basi kijiko kile kimoja cha mafuta ya mgao kikiingia kwenye mboga kina kazi kubwa.

Wengi hapa hawana shamba, ila kajieneo kati ya nyumba na mfereji. Udongo wenyewe umekanyagwa miaka mingi mpaka umekuwa kama sakafu. Ndiyo maana sanduku linatufaa. Unaliweka mahali penye jua, unalijaza udongo mzuri uliouchagua mwenyewe, na wakati wa masika, maji yanapotiririka kila upande, mboga zako ziko juu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, unamwagilia eneo dogo tu, na maji machache yanatosha.

Sasa mama mmoja ataniambia, "Mwanangu, mimi leo sina kuni, na wewe unaniambia ubao nisiuchome?" Swali hilo ni la haki. Tunajua kuni zinavyotafutwa, na tunajua yanayowapata akina mama na mabinti njiani. Siwezi kumlaumu mtu anayepikia ubao wake. Ninaomba tu tupige hesabu. Mbao za sanduku moja zitaivisha labda sufuria moja au mbili za maharage. Mbao hizohizo zikishika udongo, utachuma mboga kwa misimu kadhaa, na siku zitakapooza kabisa ndipo uamue la kuzifanyia. Vipande vidogo vinavyobaki katika kukata, kama ubao ni safi, peleka jikoni bila wasiwasi.

UBAO UPI UNAFAA

Hapa naomba tusikilizane vizuri.

Kwanza, paleti. Paleti nyingi zinazosafiri kati ya nchi na nchi hupigwa chapa pembeni. Tafuta mchoro wa suke la ngano na herufi IPPC. Karibu na hapo kuna herufi 2 za nchi ilikotoka, namba, kisha herufi nyingine 2 ambazo ndizo tunazozitaka. Ukiona HT, maana yake ubao ulipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ili kuua wadudu. Huo ni moto tu, hauna dawa, unafaa kwa mboga. Ukiona MB, maana yake ulifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Gesi hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini hatuna sababu ya kubahatisha na chakula cha watoto. Ubao wa MB usiupandie mboga. Paleti isiyo na chapa yoyote, au yenye madoa ya mafuta na harufu usiyoielewa, tengenezea benchi la kukaa nje.

Hata HT, uliza ilibeba nini. Ubao mzuri ukimwagikiwa na dawa ya wadudu huwa si mzuri tena.

Pili, nguzo na mbao zilizowekwa dawa kiwandani. Nguzo za umeme na baadhi ya nguzo za uzio hutiwa dawa ili mchwa wasizile. Zipo zenye rangi ya kijani iliyofifia. Hizo mara nyingi zina dawa ya shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu kali. Zipo nyingine nyeusi, zenye kunata na kunuka kama lami, ambazo zimetiwa kreosoti. Zote hizo zisikaribie udongo wa mboga. Na jambo hili naomba lifike hata kwa wale ambao hawana haja na bustani. Mbao hizo msizipikie. Moto hauondoi aseniki. Inabaki ndani ya majivu, na nyingine inapanda na moshi ambao mama na mtoto aliyebebwa mgongoni wanauvuta. Majivu yake usiyamwage bustanini, wala usisugulie sufuria.

Tatu, mbao zenye rangi ya zamani. Rangi za zamani, na hata baadhi ya rangi za miaka ya karibuni, zina madini ya risasi. Nikisema risasi sisemi ya bunduki, nasema yale madini. Hayo huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala maumivu ya kumshtua mzazi. Ubao unaobanduka rangi usiukwangue mbele ya watoto, wala usiuchome. Uache.

Nne, plaiwudi na mbao za unga wa mbao zilizoshikwa kwa gundi. Hizi zina kemikali za gundi, na pia hazistahimili maji. Baada ya mvua chache zitavimba na kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Basi unaofaa ni upi? Ni ubao wa kawaida usio na rangi wala dawa, ambao historia yake unaijua. Kitanda, meza, mlango wa ndani, paleti ya HT. Uchome kwa kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Kikigoma, unafaa.

UBAO NI WA NANI

Kabla ya nyundo kuna swali jingine. Ubao huo umetoka wapi?

Mlango wa choo si ubao kuukuu. Ukiung'oa usiku, kesho binti wa jirani ataogopa kwenda chooni, atasubiri giza, na giza lina mambo yake. Daraja la mfereji si ubao kuukuu. Dawati la shule, hata likiwa limevunjika mguu, ni la watoto mpaka walimu waseme vingine. Msalaba wa kaburi hauguswi.

Na nyumba za wenzetu waliorudi kwao au waliopelekwa nchi nyingine, mbao zake si za yule atakayewahi kufika usiku. Nenda kwa kiongozi wa kijiji, uliza, upewe mchana watu wakiona. Vilevile tusiingie katika misitu ya wenyeji kukata miti mibichi kwa kisingizio cha bustani. Kazi hii ni ya mbao zilizokwisha kutumika. Mboga zilizopandwa katika ubao wa ugomvi hazina raha.

JINSI YA KUTENGENEZA

Vifaa ni nyundo, msumeno, koleo, na kamba ya kupimia kama huna futi. Katika kila kijiji kuna fundi seremala. Mwombeni, kisha nyumba 5 au 6 mtumie vifaa kwa zamu.

Kung'oa misumari ndiyo kazi ya kwanza. Usivute kwa nguvu ubao ukapasuka. Gonga ncha ya msumari kutoka nyuma mpaka kichwa kijitokeze, ndipo ukishike. Uliopinda unyooshe juu ya jiwe, utatumika tena. Hesabu misumari yako na kuiweka ndani ya kopo, maana watoto wetu wengi wanatembea miguu mitupu. Mtu akichomwa, aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo akaangaliwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Asingoje kidonda kivimbe.

Vipimo ninavyopendekeza ni hivi. Urefu mita 1, upana nusu mita, kimo sentimita 30. Upana usizidi hapo kama sanduku linakaa ukutani, ili mkono ufike upande wa pili bila kukanyaga udongo. Mbao za paleti nyingi zina upana wa karibu sentimita 10, kwa hiyo utapanga mbao 3 kila upande. Utahitaji mbao 6 za mita 1 kwa pande ndefu, na mbao 6 za nusu mita kwa pande fupi. Katika pembe 4 weka vipande vya mbili kwa mbili vyenye kimo cha sentimita 30, upigilie mbao kwenye vipande hivyo. Usipigilie ubao kwa ubao peke yake, maana udongo ukilowa utasukuma na kona zitafunguka.

Msumari uwe na urefu mara 2 na nusu au mara 3 ya unene wa ubao. Ubao kuukuu ni mkavu na hupasuka haraka. Gonga kwanza ncha ya msumari iwe butu kidogo, na usipige misumari 2 katika mstari mmoja wa nyuzi za ubao.

Chini weka mbao 4, ukiacha nafasi ya kidole kati yake ili maji yatoke. Kisha pandisha sanduku lote juu ya matofali au mawe. Mchwa wa Kasulu mnawajua. Ubao uliolala juu ya ardhi hawauachi, lakini ukiwa juu ya mawe watajenga njia yao ya udongo ambayo utaiona na kuibomoa kila wiki. Watu wengi hupaka oili chafu ya magari. Kwa nguzo ya nyumba sisemi kitu. Kwa sanduku la mboga, hapana. Oili hiyo ina mabaki ya vyuma vya injini, na inaingia katika udongo.

Ndani tandika turubai kuukuu, lile tunaloliita bashe, au gunia la nailoni la unga, na ulitoboe matundu mengi upande wa chini. Bitana hiyo inazuia ubao usilowe kila siku. Gunia lililobeba mbolea ya chumvichumvi au dawa usilitumie.

UDONGO NA MBEGU

Sanduku hili, ukilijaza mpaka sentimita 25, linapokea karibu ndoo 6 za lita 20. Changanya ndoo 4 za udongo wa juu, ule mweusi, na ndoo 2 za mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na ina vijidudu. Udongo ukiwa wa mfinyanzi mzito, punguza kidogo uweke mchanga. Majivu safi ya jikoni, konzi moja au mbili tu.

Udongo uliolowa ni mzito. Sanduku likijaa hufika kilo 180 hata 200, sawa na watu wazima watatu. Kwa hiyo liweke mahali pake kabla ya kulijaza. Mzee asiyeweza kuinama, au ndugu anayetumia kiti cha magurudumu, anaweza kutengenezewa sanduku lenye miguu, la kimo cha meza. Hilo liwe dogo, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, na miguu yake iungwe kwa mbao za kukingama. Lengalenga na vitunguu vya majani vitastawi humo. Nyanya na biringanya zinataka lile lenye kina kirefu.

Anza na lengalenga. Baada ya wiki 3 au 4 tangu kusia, utaanza kula. Using'oe mche, kata juu ukiacha majani machache, utachipua tena. Kisha weka sukuma wiki, mnavu na matembele. Mahindi usiyaweke, yatakula nafasi yote.

Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni nyingi au yenye dawa ya kung'arisha nguo, hapana. Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Sanduku likae mbali na choo, lisizibe mfereji, wala lisizibe njia iliyoachwa kati ya nyumba kwa ajili ya kuzuia moto. Kwa kuku na mbuzi, zungushia miiba au neti kuukuu iliyokwisha kuchanika. Neti nzima ni ya kulalia.

KWA NINI NIPANDE MAHALI NISIPOKAA

Nimalizie na neno ambalo vijana wenzangu huniambia mara nyingi. "Sisi tuko hapa kwa muda. Leo kuna orodha ya kurudi, kesho kuna mahojiano ya kwenda nchi nyingine. Nitajengaje bustani mahali nisipojua kama nitakuwapo mwakani?"

Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu, nimesoma hapa mpaka sekondari, na maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto. Wapo walioyasema wakaondoka mwaka uleule. Wapo walioyasema wakati huo na leo wamekaa mbele yangu, wana wajukuu. Hakuna anayejua siku yake, na mimi sina habari za siri za kuwapa. Ninachojua ni kwamba lengalenga hazihitaji mwaka. Zinahitaji wiki 4, na wiki 4 kila mmoja wetu amewahi kuzingoja kwa jambo lisilokuja. Ukiitwa kabla hujachuma, mkabidhi jirani. Atakula, na atakutaja kwa wema. Na ufundi wa kuchagua ubao, kunyoosha msumari na kuchanganya udongo utakwenda nao popote, iwe ni Fizi, Makamba au ng'ambo ya bahari.

Basi wiki hii naomba kila nyumba ifanye jambo moja tu. Zunguka nyuma ya nyumba yako, kusanya mbao ulizonazo, uzitenge mafungu matatu: zinazofaa kwa mboga, zinazofaa kwa benchi, na zile za sumu ambazo hazifai hata kwa moto. Fungu la tatu lisiachwe mahali watoto wanapochezea. Mwambieni kiongozi wa kijiji, naye atatuarifu sisi wahamasishaji tuje tuone la kufanya. Asiye na uhakika na ubao wake asione haya kuuliza. Tutautazama pamoja, na tutaisoma chapa pamoja.